Talaka Imetoka, Mkopo wa Nyumba Bado Upo

Kuna jambo ambalo watu wengi hulijua wakiwa wamechelewa: karatasi ya talaka haina nguvu juu ya benki. Hakimu anaweza kuandika kwamba nyumba ni ya mke. Mume akafunga sanduku lake, akahamia Nakuru, akaamini kwamba nyumba ile na deni lake vimebaki nyuma. Miaka minne baadaye anaomba mkopo wa gari, anaambiwa jina lake limechafuka kwa sababu marejesho ya nyumba ile yana miezi mitano hayajalipwa. Anaitoa hukumu ya mahakama. Ofisa wa mikopo anaisoma mpaka mwisho, anamrudishia, na kumwambia kwa upole kwamba sahihi yake bado iko kwenye mkataba.

Hakudanganywa na mtu. Alichanganya mambo matatu yanayofanana kwa nje. Mnapoachana huku nyumba ingali inalipiwa, mna vifundo vitatu vya kufungua, na kila kimoja kina mwenyewe wa kukifungua. Ndoa hufunguliwa na mahakama. Jina kwenye hati hubadilishwa na msajili wa ardhi. Deni huachiliwa na benki, na benki peke yake. Kufungua kimoja hakulegezi kingine hata kidogo. Nitayaeleza haya kwa sheria za Kenya, ambako suala hili limeandikwa wazi katika sheria na kupimwa hadi Mahakama ya Juu. Tanzania nitaifikia baadaye, maana kuna tofauti ambazo mtu wa Arusha au Mwanza hafai kuzikosea.

Kila mmoja anadaiwa lote

Tuanze na deni, kwa kuwa ndilo lisilosubiri. Mkataba wa mkopo mliotia sahihi wawili haukuligawa deni katikati. Kwa kawaida unasema kila mmoja anawajibika kwa deni zima, akiwa na mwenzake au akiwa peke yake. Kwa hiyo benki haina haja ya kumtafuta aliyeshindwa kulipa nusu yake, kwa sababu kwa benki hakuna nusu. Itamfuata anayepatikana: mwenye mshahara unaopitia akaunti, mwenye simu inayoshikwa. Ukisema "mimi fungu langu nimelipa", hilo ni jibu kwa mwenzako. Kwa benki si jibu.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013 inasema madeni yaliyochukuliwa wakati wa ndoa kwa faida ya ndoa hiyo yabebwe sawa na wote wawili. Ni kifungu kizuri, lakini kinapanga mambo ya ndani, kati yenu. Kinakupa haki ya kumdai mwenzako ulicholipa zaidi ya fungu lako. Hakikupi haki ya kuikatalia benki, ambayo haikuwa upande wowote katika kesi yenu.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu ugomvi mwingi wa nyumba hupiganwa bila hesabu. Mfano huu ni wa kubuni. Wawili wamenunua fleti Syokimau kwa shilingi milioni 8. Wametoa milioni 1.6 mfukoni, benki ikatoa milioni 6.4 kwa riba ya asilimia 13 kwa miaka 20. Marejesho ni kama shilingi 75,000 kwa mwezi. Baada ya miaka 6 wanaachana. Kufikia hapo wameshalipa karibu milioni 5.4. Waulize wamebakiza deni gani, watakwambia milioni moja na kitu. La. Wamebakiza takriban milioni 5.79. Miaka sita ya kujinyima imepunguza deni lenyewe kwa laki sita na kitu tu. Karibu milioni 4.8 yote ilikuwa riba. Mikopo ya nyumba ndivyo inavyokwenda. Miaka ya mwanzo unailisha riba, na deni lenyewe huanza kuyeyuka kwa kasi karibu na mwisho.

Tuseme mthamini amekuja, amepima, amesema fleti inaweza kuuzwa milioni 9.5. Wawili hawa hawagombanii milioni 9.5. Wanagombania milioni 3.7 inayobaki benki ikishachukua chake. Na wakiuza, hata hiyo itamegwa na ada ya wakili, ada ya wakala, na tozo ya kulipa mkopo kabla ya muda ikiwa mkataba unaitaja. Kila mmoja ataondoka na chini ya milioni 1.85. Ni fedha nyingi, sikatai. Lakini ni fedha ambazo kesi ya miaka minne yenye mawakili wawili inaweza kuzimaliza, na inaniuma kila ninapowaza ni wangapi waliingia kwenye kesi kama hiyo bila hata mmoja wao kuwahi kuiomba benki taarifa ya salio. Barua ya kwanza kuandikwa baada ya kuachana ingekuwa hiyo: salio la leo, riba ya leo, tozo za kumaliza mapema. Ya pili iende kwa mthamini aliyesajiliwa ambaye wote wawili mmemkubali.

Na soko likiwa limeshuka, au marejesho yakiwa yamerundikana, hesabu inaweza kugeuka: nyumba ikawa na thamani ndogo kuliko deni. Hapo mnachogawana ni hasara, na ni vizuri mlijue hilo mapema kabla hamjaanza kupigania nani abaki na funguo.

Je, ni nusu kwa nusu?

Watu wawili huja na imani mbili kinyume. Mmoja anasema, "Katiba imesema tuko sawa, basi ni nusu." Mwingine anasema, "Nililipa mimi, risiti ninazo, yeye alikuwa nyumbani tu." Wote wawili wamekosea.

Mwaka 2007, katika kesi ya Echaria, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilishika msimamo kwamba kazi za mke nyumbani hazihesabiki kuwa mchango katika kununua mali. Mke aliyekuwa amepewa nusu akashushwa hadi robo. Wanawake wengi waliumia chini ya kivuli cha hukumu hiyo. Kisha ikaja Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 45 kinawapa wanandoa haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa ndani ya ndoa na inapovunjika. Ikafuata sheria ya 2013, ikaandika kwa maneno kamili kwamba mchango si fedha tu: kazi za nyumbani, kulea watoto, kuwa mwenzi wa mwenzako, kusimamia biashara ya familia na kulima shamba, vyote ni mchango. Lakini sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 7, inasema mali hugawanywa kulingana na mchango wa kila mmoja. Neno "nusu" halimo.

Mvutano huo ulifika Mahakama ya Juu katika kesi inayojulikana kwa herufi tu, JOO dhidi ya MBO, iliyoamuliwa tarehe 27 Januari 2023. Mali iliyobishaniwa ilikuwa nyumba na vyumba vya kupangisha mtaani Tassia, Nairobi. Mahakama Kuu ilikuwa imempa mke asilimia 30 ya nyumba na asilimia 20 ya vyumba vya kupangisha. Mahakama ya Rufaa ikampa nusu ya vyote. Mahakama ya Juu iliuacha mgawanyo huo wa nusu usimame, lakini ikaeleza sababu yake kwa uangalifu: usawa wa Katiba hauleti nusu kwa nusu moja kwa moja, mke yule alipata nusu kwa kuwa ushahidi ulionyesha mchango wake. Kila kesi itapimwa kwa mizani yake.

Ikiwa majina yenu wote yako kwenye hati, mnaanza pazuri zaidi. Sheria inachukulia kwamba hisa zenu ni sawa mpaka mmoja athibitishe vingine. Ikiwa ni jina la mmoja tu, sheria inachukulia kwamba anamshikia mwenzake pia, lakini dhana hiyo nayo inaweza kuvunjwa kwa ushahidi. Hapo ndipo ule usemi wa wazee wa biashara unapopata maana yake: mali bila daftari hupotea bila habari. Kusanya taarifa za benki, ujumbe wa M-Pesa, risiti za karo ya watoto ulizolipa ili mwenzako aweze kulipa benki, risiti za saruji na mabati, hata mawasiliano ya kawaida yanayoonyesha nani alikuwa akisimamia mafundi. Aliyelipa karo, chakula na umeme kwa miaka sita ili mshahara wa mwenzake uende wote kwenye marejesho, amelipa mkopo huo. Lakini lazima aweze kulionyesha hilo.

Kifo kinapokuja kabla ya mgawanyo

Hapa pana hatari ambayo sijui kwa nini haisemwi sana. Watu wawili wanaweza kumiliki nyumba kwa namna mbili. Ya kwanza, kila mmoja ana fungu lake linalojulikana, iwe nusu au asilimia 60, na akifa fungu hilo linaingia kwenye mirathi yake. Ya pili, wote wanamiliki nyumba nzima kama mwili mmoja, bila mafungu. Mmoja akifa, nyumba yote inabaki kwa aliye hai, wosia useme unavyosema. Namna hii ya pili ndiyo ambayo sheria ya Kenya ya usajili wa ardhi ya mwaka 2012 imewaachia hasa wanandoa. Wengine lazima waombe ruhusa ya mahakama.

Wakati mapenzi yapo, mpango huo ni kinga nzuri. Mkishaachana ni mtego. Mmeshatengana miaka miwili, hamsemezani, pengine una mtoto mwingine na mwenzi mwingine, na ajali ya barabarani inakuchukua asubuhi moja. Nyumba yote inakwenda kwa yule mliyeachana. Watoto wako wengine hawana chao humo.

Kwa hiyo, angalia hati yenu imeandikwa vipi. Ikiwa ni namna ya pili, mnaweza kutia sahihi fomu ya kukubaliana kuitenganisha, na msajili akawaandikisha upya kuwa wamiliki wenye mafungu sawa. Inahitaji ridhaa ya wote wawili, na kwa kuwa nyumba ni dhamana, benki nayo ihusishwe. Hiyo haimnyang'anyi mtu chochote. Inazuia tu kifo kisiwe ndicho kinachogawa. Mkiwa hapo hapo, angalieni bima ya maisha iliyofungwa na mkopo. Inamkinga nani, na ikilipa, inalipa deni lote au fungu la aliyekufa tu?

Kubaki, kuuza, kungoja

Njia ambayo wengi huitaka kwanza ni mmoja kubaki na kumlipa mwenzake fungu lake. Turudi Syokimau. Anayebaki anahitaji milioni 1.85 za kumpa anayeondoka, na anahitaji benki ikubali kwamba milioni 5.79 zilizobaki atazibeba peke yake. Akizikopa zote pamoja, ni milioni 7.64. Kwa riba ile ile na miaka 20 mipya, marejesho yatakuwa kama shilingi 89,500 kwa mwezi, kutoka mshahara mmoja, pale ambapo shilingi 75,000 zilikuwa zikitoka kwenye mishahara miwili. Benki inayokubali marejesho yafike nusu ya kipato itataka kuona mshahara wa karibu 180,000. Wapo wanaouweza mzigo huo. Wengi hawauwezi, na huzuni ni kwamba hupigana mwaka mzima kupata nyumba ambayo benki isingewaachia hata wakishinda. Nenda benki kwanza uulize, halafu ndipo uamue kama nyumba hiyo ni ya kupiganiwa.

Benki ikikubali, mpangilio wa hatua una uzito kuliko watu wanavyodhani. Anayeondoka asitie sahihi ya kuhamisha fungu lake mpaka awe na barua ya benki inayosema kwamba atafunguliwa kutoka kwenye deni. Akihamisha kabla, amebaki na deni bila nyumba, hali mbaya kuliko zote. Anayebaki naye asitoe milioni 1.85 mpaka fomu za uhamisho ziwe zimetiwa sahihi na ziko mikononi mwa wakili. Ndiyo maana mawakili wa pande zote hupeana ahadi za maandishi, kisha mambo yote matatu, yaani fedha, uhamisho na usajili wa dhamana mpya, yakaenda pamoja.

Kuuza ni rahisi zaidi kueleza, ingawa moyoni ni kugumu, hasa kama watoto wamezaliwa humo. Mnakubaliana bei ya chini kabisa, wakala, na muda. Mnunuzi analipa, benki inachukua salio lake moja kwa moja, kinachobaki kinagawanywa. Andikeni mapema kitakachotokea mmoja akikataa ofa nzuri, maana wapo wanaokataa kila mnunuzi kwa sababu tu wao ndio wanaoishi ndani bila kulipa chochote.

Njia ya tatu ni kungoja: nyumba ibaki ya wote mpaka mtoto wa mwisho amalize shule, au ipangishwe na kodi ilipe benki. Siipingi, na kwa watoto inaweza kuwa ndiyo bora. Lakini inahitaji maelewano ya maandishi kuliko njia nyingine yoyote. Nani analipa marejesho, nani analipa ada ya ardhi na kiti cha choo kikivunjika. Na swali ambalo husahauliwa daima: yule anayeishi ndani na kulipa benki peke yake, malipo hayo yanaongeza hisa yake, au yanahesabiwa kuwa kodi ya kuishi kwenye fungu la mwenzake? Jibu lolote linaweza kuwa la haki. Kukosa jibu ndiko kunakoleta kesi.

Kodi ziangaliwe kabla ya kuchagua njia. Tangu Januari 2023 kodi ya faida itokanayo na kuuza mali Kenya ni asilimia 15. Uhamisho kati ya waliokuwa mume na mke, ukifanywa kama sehemu ya makubaliano ya talaka au ya kutengana ya kweli, umesamehewa. Makazi ambayo mwenye nyumba ameishi mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuyahamisha yamesamehewa pia. Mkihama wote, mkaipangisha miaka kadhaa, kisha mkauza, msamaha huo wa makazi unaweza kuwaponyoka. Ushuru wa stempu kwa mnunuzi ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Mwulizeni wakili mapema kama uhamisho wenu wa ndani utapata nafuu.

Kesi inaendelea, tarehe ya marejesho inafika

Nimesema deni halisubiri. Hasira ya kawaida ni hii: "Yeye ndiye anayelala mle, basi alipe." Anaacha kulipa. Mwenzake naye anasema, "Jina lake liko kwenye hati, atalipa tu." Mwezi unapita, wa pili unapita.

Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 inaipa benki njia iliyonyooka. Mkikosa kulipa kwa mwezi mmoja, benki inaweza kuwapa notisi ya angalau miezi mitatu kurekebisha. Msiporekebisha, notisi ya siku 40 ya kuuza. Kisha dalali anatoa notisi yake ya siku 45. Inaonekana ni muda mrefu, lakini kwa watu wasiosemezana unayeyuka. Benki ina wajibu wa kutafuta bei nzuri, na bei iliyo chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi inachukuliwa kuwa dalili kwamba wajibu huo umekiukwa. Hata hivyo mnada si soko. Nyumba ya milioni 9.5 ikienda kwa milioni 7.5, ile milioni 3.7 imebaki 1.7, kabla ya gharama za dalali. Na majina ya wote wawili yanaingia kwenye kumbukumbu za wakopaji.

Kama mna uwezo wa kuelewana jambo moja tu katika kipindi hicho, muelewane kuhusu marejesho. Karatasi moja inatosha: kila mmoja atalipa kiasi gani mpaka uamuzi utoke, na kwamba malipo hayo hayamharibii mtu madai yake. Mkishindwa, lipa wewe unayeweza, weka ushahidi wa kila shilingi, na udai mbele ya mahakama. Na iandikieni benki kabla hamjachelewa. Benki inayoarifiwa mapema inaweza kuwapa nafasi ya kurefusha muda au kulipa riba tu kwa miezi kadhaa. Ikishamkabidhi dalali faili, mazungumzo huwa magumu.

Kwa walioko Doha, Dubai au Minnesota, waliomwachia mwenzi hati inayomruhusu kuwatilia sahihi nyumbani: hati hiyo haifi kwa sababu mmeacha kupigiana simu. Ifute rasmi, na ofisi ya ardhi na benki zipate nakala.

Ambaye jina lake halimo

Mke au mume anayeishi kwenye nyumba ya ndoa ana kinga hata kama hati haimtaji. Nyumba hiyo haiwezi kuuzwa au kuwekwa rehani wakati wa ndoa bila ridhaa yake, na benki iliyochukua rehani bila sahihi au ridhaa ya mwenzi anayeishi humo imejiweka pabaya. Lakini usikae ukitegemea hilo pekee. Marekebisho ya sheria za ardhi ya 2016 yaliondoa haki za wanandoa katika orodha ya haki zinazoilemea ardhi bila kuandikwa kwenye daftari. Weka zuio kwa msajili. Ni fomu, kiapo na ada, na mnunuzi yeyote akifanya upekuzi atalikuta jina lako likimsubiri. Unaweza pia kuiomba mahakama itamke haki yako kwenye nyumba hata kabla talaka haijatoka. Mgawanyo wenyewe ndio unaosubiri ndoa ivunjwe.

Wale walioishi pamoja bila kuoana wako kwenye ardhi yenye utelezi. Siku ile ile ya Januari 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi nyingine, MNK dhidi ya POM, ya watu walioishi pamoja miaka mingi bila ndoa halali, kwa kuwa mmoja wao alikuwa na ndoa nyingine. Mahakama ilisema dhana kwamba walioishi pamoja ni mume na mke itumike kwa nadra sana. Lakini haikumwacha mtu mikono mitupu: ikatazama nani aligharimia nini, ikaona kwamba mmoja alikuwa akishikilia mali kwa niaba ya wote, ikagawa asilimia 70 kwa 30. Kwa maneno mengine, bila cheti cha ndoa unaingia kama mshirika wa mali, na kazi ya kuthibitisha ni yako. Wapenzi wanaokopa pamoja waandike hisa zao siku wanapotia sahihi mkopo, wakiwa bado wanacheka.

Waislamu wa Kenya wanaruhusiwa na sheria ya 2013 kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Msingi wake ni kwamba mali ya kila mmoja hubaki yake, kwa hiyo kumbukumbu ya nani alitoa nini ina uzito mkubwa zaidi. Benki ya Kiislamu inayonunua nyumba kwa ubia na kuwauzia hisa zake kidogo kidogo nayo ina mkataba wenye sahihi zenu wawili, na mkataba huo hauishi kwa talaka.

Tanzania, njia inapitia Sheria ya Ndoa ya 1971. Kabla ya kuomba talaka mahakamani, kwa kawaida shauri lazima lipite kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, ikitazama mila, michango ya fedha, mali au kazi, madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo, huku ikielekea kwenye usawa. Mwaka 1983, miaka mingi kabla ya Kenya, Mahakama ya Rufaa ilishasema katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seifu kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Watu huisifu hukumu hiyo na kusahau mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu mahakama iliona alikuwa ametapanya fedha alizopewa na mumewe kwa mradi wa familia. Walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mume na mke huchukuliwa kuwa wanandoa mpaka ithibitishwe vingine, na mahakama inaweza kuwagawia mali. Nyumba ya ndoa nayo haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, na notisi ya benki kwa aliyeshindwa kulipa ni ya siku 60, muda mfupi kuliko wa Kenya.

Mkishamaliza yote, hukumu mkononi, fedha zimelipwa, funguo zimekabidhiwa, bado kuna safari mbili. Moja ni ya ofisi ya ardhi, au, kwa Kenya, kwenye Ardhisasa, mtandao wa serikali wa kumbukumbu za ardhi, kwa nyumba zilizoingizwa humo, kufanya upekuzi na kuona kwa macho yako kwamba daftari limebadilika. Nyingine ni ya benki, kuchukua barua yenye muhuri inayosema kwamba wewe uliyeondoka hudaiwi tena chochote kwenye mkopo ule. Barua hiyo iweke pamoja na cheti chako cha talaka.